Lengelenge Moja, Visa Vingi: Kuyatambua Magonjwa ya Ngozi kwa Macho na kwa Hadubini

MAZUNGUMZO YA AFYA KWA WAKAZI WA LODWAR NA KAKUMA



Chukulia watu wawili wanaofika kwenye zahanati asubuhi moja. Wote wana malengelenge. Wa kwanza ni kijana aliyelala nje kwa sababu ya joto. Ameamka na mstari wa malengelenge shingoni unaochoma kama moto. Wa pili ni mama aliyeanzishiwa dawa ya kifafa wiki mbili zilizopita. Ana homa, macho yamekuwa mekundu, midomo imechubuka, na ngozi ya kifua inamuuma ingawa malengelenge yenyewe bado ni machache.

Walio kwenye foleni watamhurumia kijana kwanza, maana mstari wake unaonekana kutoka mlangoni. Lakini kijana huyo atapona baada ya wiki moja au mbili. Mama ndiye anayeweza kufa.

Mazungumzo haya yanahusu tofauti hiyo: jinsi mhudumu wa afya anavyoitambua kwa macho na vidole, jinsi maabara inavyoithibitisha kwa hadubini, na jambo ambalo mwananchi anaweza kufanya kabla hajafika hospitalini.

Mkeka na sakafu

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba, na seli zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. La chini ni nene zaidi, lina mishipa ya damu na ya fahamu. Kati yake pana utando mwembamba unaoyaunganisha.

Fikiria mkeka wa miyaa ya mkoma uliogundishwa kwenye sakafu. Mkeka ni tabaka la juu, sakafu ni tabaka la chini. Mkeka unaweza kuharibika kwa njia mbili: miyaa yenyewe ikaachana, au mkeka mzima ukabanduka sakafuni ukiwa bado umesukwa vizuri. Lengelenge ni maji yaliyoingia pale palipoachana. Swali la kwanza la daktari wa ngozi, na la mtaalamu wa hadubini vilevile, ni hilo: pameachana wapi?

Kuna ugonjwa uitwao pemfigasi. Katika huo, kinga ya mwili inakosea na kushambulia vile vifungo vinavyoshikanisha seli za tabaka la juu. Miyaa inaachana. Malengelenge yake ni malegevu, yana paa jembamba, na yanapasuka upesi, kiasi kwamba mara nyingi mgonjwa anafika akiwa na vidonda vibichi tu bila lengelenge hata moja. Kwa watu wengi ugonjwa huanza mdomoni, na vidonda vya mdomo vinaweza kukaa wiki au miezi kabla ya ngozi kuguswa.

Ugonjwa wa pili unaitwa pemfigoidi. Hapa kinga ya mwili inashambulia gundi iliyo kati ya mkeka na sakafu. Mkeka mzima unabanduka. Malengelenge yake ni magumu, yamejaa kama mpira, na hayapasuki kwa urahisi. Huwapata zaidi wazee, na muwasho mkali unaweza kutangulia kwa wiki nyingi.

Kwa miaka mingi magonjwa haya mawili yalihesabiwa kuwa moja. Mwaka 1953 daktari Walter Lever, aliyefanya kazi Boston huko Marekani, aliyatenganisha kwa kutazama vipande vya ngozi chini ya hadubini na kuona mahali ngozi ilipoachana. Mwaka 1964 Ernst Beutner na Robert Jordon wakaonyesha kwamba wagonjwa wa pemfigasi wana chembe za kinga zinazoshambulia ngozi yao wenyewe. Kabla ya dawa za steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi wa waliopata pemfigasi walikufa. Leo wengi wanaishi, mradi ugonjwa utambuliwe mapema na dawa zisikatizwe bila idhini ya daktari.

Mama mwenye homa

Malengelenge ya mama wa mfano wetu ni ya aina nyingine, yanayosababishwa na dawa. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1922 na madaktari wawili wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, ndiyo hiyo Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30, ni aina kali kabisa, na mgonjwa anahitaji kutunzwa kama mtu aliyeungua kwa moto.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni karbamazepini, fenobabitoni na fenitoini za kifafa, Septrin na dawa nyingine za jamii ya salfa, nevirapini ya virusi vya UKIMWI, na alopurinoli ya gauti. Hizi ni dawa nzuri, na wengi wanaozimeza hawapati shida yoyote. Lakini kwa wachache, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu kuanza dawa, mwili unaigeukia ngozi yake.

Kenya ina somo lake kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1980 dawa iitwayo thayasetazoni ilikuwa sehemu ya matibabu ya kifua kikuu, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Watafiti wa Nairobi walipowafuatilia wagonjwa, waliona kwamba karibu mmoja kati ya watano wenye virusi vya UKIMWI alipata madhara ya ngozi, ilhali kwa wasio na virusi alikuwa kama mmoja kati ya mia. Baadhi walifariki ngozi ikiwa imebanduka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991, na Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isitumiwe kwa wenye virusi. Maisha mengi yaliokolewa kwa sababu mtu alijali kuandika nani alitokwa na malengelenge, lini, na baada ya kumeza nini.

Dalili za kuogopa ni hizi:

- Homa pamoja na ngozi inayouma, hasa baada ya kuanza dawa mpya.
- Vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri kwa wakati mmoja.
- Madoa meusi au ya zambarau yanayoenea haraka.
- Ngozi inayoteleza na kubanduka ikisuguliwa kidogo kwa kidole.

Mwenye dalili hizi asimeze tena ile dawa mpya, na afike hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amebeba pakiti zote za dawa, hata za kienyeji. Aliyeko Kakuma aanzie kituo kilicho karibu, asisubiri gari la Lodwar la kesho. Ni kama kilomita 120, na ngozi haingoji. Ila muwasho mdogo usio na homa wala vidonda si sababu ya mtu kuacha mwenyewe dawa za kifua kikuu au za virusi. Aende akaulize kwanza.

Mtoto mdogo mwenye ngozi inayobanduka kama aliyemwagiwa maji moto ni kisa kingine. Mara nyingi ni sumu ya bakteria, na mdomo wake ndani huwa mzima. Hadubini inatofautisha hali hizi mbili: kwa mama, tabaka lote la juu limekufa, lakini kwa mtoto ni ganda la juu kabisa tu lililoachana. Mtoto huyu hupona kwa antibiotiki akiwahishwa.

Kijana na mstari wake

Kijana hakuungua, wala hakurogwa. Usiku alimponda mdudu mdogo, mwembamba, wa rangi nyeusi na ya machungwa, anayeitwa Nairobi fly ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Mdudu huyu haumi wala hadungi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inamwagika anapopondwa. Malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana wengi hawakumbuki kumwona. Penye mikunjo, kama kiwiko, ngozi inayogusana hupata alama mbili zinazofanana.

Huongezeka baada ya mvua nzito, na Wakenya wengi walimjua vizuri baada ya El Niño ya 1997 na 1998. Hufuata mwanga wa taa. Akitua mwilini apulizwe, asipondwe. Aliyemponda anawe kwa maji na sabuni mara moja, na asijiguse macho kabla ya kunawa.

Rangi ya ngozi na madoa yasiyo na malengelenge

Vitabu vingi vya zamani vya ngozi vilijaa picha za watu weupe, na vinasema ngozi iliyovimba huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi. Anayetafuta wekundu pekee atakosa mengi. Kwa hiyo mhudumu hupapasa: je, pana joto? Pamevimba? Pana magamba?

Kwa hadubini, magonjwa ya uvimbe yana sura zake. Katika ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, maji hujipenyeza kati ya seli kama kwenye sponji. Katika soriasisi, tabaka la juu linanenepa na kushuka chini kama mizizi iliyo sawasawa, na ndiyo maana magamba ni mazito, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Magonjwa haya hayaambukizi. Anayeyaugua asitengwe, wala asinyimwe chombo cha kunywea maji.

Turkana ina madoa mengine mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni doa lililofifia lisilohisi kuguswa wala joto. Huo unaweza kuwa ukoma, ambao una tiba kamili. La pili huwapata baadhi ya waliopona kala-azar, hasa waliougulia Sudan au Sudan Kusini. Baada ya miezi michache hutokwa na vipele au madoa usoni, yakianzia kuzunguka mdomo, lakini hisia za ngozi zinabaki. Maabara huchukua majimaji kidogo ya ngozi na kutafuta kwa hadubini: bakteria wekundu kama vijiti kwa ukoma, au vimelea vya mviringo kwa kala-azar. Usufi mmoja tu unaokosa kuhisiwa kwenye ngozi unaweza kuelekeza uchunguzi wote.

Kipande cha ngozi

Wengine hukataa kukatwa kipande cha ngozi kwa kuogopa kidonda. Kwa kawaida ngozi hutiwa ganzi, kisha hutolewa kipande cha upana wa milimita 4, sawa na punje ya mtama. Huchukuliwa ukingoni mwa lengelenge jipya, si kwenye kidonda kikuukuu, kwa kuwa lengelenge la zamani huanza kupona na kuficha mahali palipoachana. Kipande hutiwa kwenye fomalini, ambayo hukizuia kuoza hata katika joto letu, na hivyo kinaweza kusafiri hadi maabara ya mbali mgonjwa akibaki kwake. Kipande cha pili, cha kupima chembe za kinga, hutolewa kando ya lengelenge na hakitiwi fomalini kamwe, kwani kipimo hicho huharibika.

Mtaalamu wa hadubini huona rangi ya waridi na ya zambarau tu. Hamwoni mgonjwa. Karatasi inayoambatana na kipande ikiwa haina umri, muda wa ugonjwa, sehemu ya mwili na majina ya dawa, jibu lake litakuwa nusu. Magonjwa mengi hufanana chini ya kioo, na historia ya mgonjwa ndiyo inayoyatenganisha. Hata Moshi, Tanzania, ambako tangu 1992 matabibu wa nchi nyingi za Afrika wamekuwa wakifundishwa magonjwa ya ngozi, kusoma mwili wa mgonjwa na kusoma hadubini hufundishwa pamoja.

Ya kufanya nyumbani

- Malengelenge yasipasuliwe. Paa lake ni bandeji bora kuliko ya dukani.
- Yasipakwe mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno wala maji ya betri. Yaoshwe kwa maji safi na kufunikwa kwa kitambaa safi kilicholegea.
- Krimu kali za steroidi zisinunuliwe bila kuelekezwa. Zinafifisha alama, na anayemtibu mgonjwa baadaye hupotea njia.
- Picha ipigwe kwa simu siku ya kwanza, kivulini, kabla alama hazijabadilika.
- Majina na tarehe za dawa zote yaandikwe. Asiyejua kuandika atunze pakiti.
- Mhamasishaji wa afya ya jamii aitwe mapema, hata kama mgonjwa ameshaenda kwa emuron.

Kwa kijana, maji na sabuni yangetosha. Kwa mama, pakiti moja ya dawa mkononi na safari ya siku hiyo hiyo zinaweza kuwa ndizo zitakazomrudisha nyumbani kwa watoto wake.