Kipande cha Nguzo Kisiingie Jikoni

(Muziki unashuka.)

Mama, baba, dada, kaka, sogeeni karibu na redio. Leo tuongee juu ya mbao za kuokota.

Juzi nilipita kwa mama mmoja. Lengalenga zake amezizungushia vipande vya nguzo ya umeme. Bustani nzuri, nikaisifu. Kisha nikaona vipande vingine amevipanga kando ya mafiga, tayari kwa kupikia. Nikaomba kiti, nikae tuzungumze.

Mkaratusi ukisimikwa hivi hivi, mchwa wanaumaliza. Ndiyo maana nguzo inatiwa dawa kiwandani. Dawa moja inaacha rangi ya kijani: ni shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nyingine ni nyeusi, ya mafuta, inanuka kama lami. Na usidanganywe na mti uliochakaa: kijani kinapauka, sumu inabaki ndani. Marekani waliacha kutengeneza mbao za aseniki kwa ajili ya nyumba za watu mwisho wa mwaka 2003.

Kubwa kuliko yote ni moto. Najua kuni ni shida, watoto wanabeba chochote wanachokuta. Lakini moto hauiui aseniki. Nyingine inapanda na moshi, mama anaivuta pamoja na mtoto aliye mgongoni. Nyingine inabaki kwenye majivu. Na sisi majivu tunayapeleka wapi? Tunanyunyiza juu ya mboga kufukuza wadudu, tunachanganya na maharagwe ya mbegu! Majivu ya kuni za kawaida hayana neno. Ya nguzo, usiyaguse.

Kama umeshajenga tuta kwa vipande hivyo, using'oe mboga kwa hofu. Dawa inatoka polepole na haiendi mbali udongoni. Ukiweza, toa vipande. Ukishindwa, weka shitingi kati ya mti na udongo, panda mbali na ukingo, na karoti au viazi usipande hapo, kwa sababu vinakaa ndani ya udongo wenyewe. Osha mboga vizuri. Usikate mti huo kwa msumeno karibu na watoto, vumbi lake ni baya.

Paleti za mizigo? Tafuta muhuri. HT maana yake mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 kwa nusu saa, hizo tumia. MB zilipigwa gesi ya sumu, ziache. Zenye madoa ya mafuta pia ziache.

Mawe tunayo tele hapa, na magogo ya mgomba, na magunia. Yule mama ameshapanga mawe. Vipande vyake vya nguzo sasa vinashika kamba ya nguo.

Ukiwa na kipande usichokijua, usikichome kwanza. Nikipita niite, tukiangalie pamoja.

(Muziki unapanda.)