Anza na Tarehe, Usianze na Kitufe: Kupima na Kusimika Maktaba Huria ya Vijenzi vya Kiolesura

Mada iliyowasilishwa katika semina ya watengenezaji programu, Kitengela, Kaunti ya Kajiado



Nimeombwa nizungumzie maktaba huria za vijenzi vya kiolesura. Kwa lugha ya kila siku, hivyo ni vitufe, fomu, majedwali, menyu na kalenda ambazo mtu mwingine ameshazitengeneza na kuziachia umma, nawe unazichukua badala ya kuanza upya. Tangu Bootstrap ilipotoka Twitter mwaka 2011, wengi wetu tumeishi kwa kazi hizo. Kuchukua tunajua sana. Kupima kabla ya kuchukua ndiko kunakotushinda, na mimi mwenyewe kulinishinda.

Nilikaa asubuhi nzima kwenye dawati la usajili la zahanati moja ya kaunti hii, nikiwatazama watu wakitumia fomu niliyoijenga. Akaja nyanya mmoja, shuka begani. Karani akamwamkia, akamwita Koko kwa heshima, akamuuliza alizaliwa lini. Alijibu kwa kutaja rika la marehemu mumewe: Iseuri. Ni jibu kamili kwa anayejua mpangilio wa marika ya Wamaasai, ila rika moja hubeba takriban miaka 15. Karani akageukia skrini. Kalenda ilikuwa imefunguka kwenye mwezi ule tuliokuwemo, na ina mshale mmoja tu wa kurudi nyuma, mwezi baada ya mwezi. Akabofya, akabofya, foleni inarefuka. Mwishowe akaweka tarehe mosi Januari ya mwaka aliokisia, na mfumo ukaipokea kana kwamba imetoka kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kalenda ile niliichagua mimi. Ilinivutia kwenye ukurasa wa maonyesho.

Tatizo hilo la tarehe isiyojulikana lilikwishatatuliwa humu humu nchini. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa watu wa Eldoret na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, na ambao ndio msingi wa KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa hapa Kenya, una mahali pa kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Toleo lake la 3 limejengwa kwa vijenzi vya Carbon, maktaba huria ya IBM yenye leseni ya Apache 2.0. Fomu yake ya usajili huuliza kwanza kama tarehe inajulikana. Isipojulikana, unaandika miaka. Swali hilo halikutoka IBM. Liliongezwa na watu waliokuwa wameshawasajili wagonjwa wa aina ya Koko. Maktaba itakupa kisanduku cha kujazia. La kuuliza utalileta wewe.

Kwa hiyo ninapopima maktaba siku hizi sianzi na kitufe, maana kitufe kizuri kila maktaba inacho. Naanza na kalenda, kisha jedwali la safu mia kadhaa, kisha menyu ya kutafuta ndani ya orodha ndefu. Naipakia kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka kidogo, natoka nayo nje saa saba mchana. Kanuni za W3C, shirika la viwango vya wavuti, zinadai maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu kile cha kupendeza juu ya nyeupe mara nyingi hakifiki hapo, na jua la Kajiado halina subira nacho. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, simu zikiwemo, kazi yetu inasomwa chini ya miti na kando ya maboma.

Pima pia watu wanaoitunza maktaba. Tarehe 25 Desemba 2018, waliofungua mifumo iliyojengwa kwa Ant Design, maktaba inayotoka kwenye kampuni mshirika wa Alibaba, walikuta vitufe vimefunikwa theluji. Kumbe mzaha ule ulitiwa kwenye msimbo miezi kadhaa kabla, na hakuna mtumiaji aliyeulizwa. Waliokuwa wamefunga toleo lenye mzaha hawakunusurika. Kufunga toleo, yaani kubaki na toleo moja bila kusasisha, hukukinga na mabadiliko yajayo, lakini hakukukingi na ulichokwisha kukichukua bila kukisoma. Ndiyo maana nahesabu nyota za sifa mwisho kabisa. Kwanza nasoma malalamiko: yalijibiwa na nani, baada ya muda gani, na ni watu wangapi wenye mamlaka ya kupitisha mabadiliko. Akiwa ni mtu mmoja peke yake, nasita.

Kuhusu kusimika, nina jambo moja la kusisitiza kuliko yote: vitu vyote vikae ndani ya seva ya kituo. Katika mfumo wangu wa awali ikoni zilikuwa fonti inayovutwa kutoka seva ya mbali. Bando lilipoisha, mshale wa kurudi nyuma uligeuka maandishi "arrow_back", na kapu la taka likawa "delete". Muuguzi alinipigia simu akiuliza kama kompyuta imeingiwa na virusi. Fonti, ikoni, mitindo, vyote vipakuliwe mara moja, nambari ya toleo iandikwe kamili, na faili linalofunga matoleo lihifadhiwe pamoja na msimbo. Chukua vijenzi unavyovitumia tu. Kila kilobaiti ya ziada kuna mtu anailipia.

Halafu usikiite kijenzi cha maktaba moja kwa moja kwenye kurasa arobaini. Tengeneza folda yako, ukifunge humo kwa jina lako mwenyewe, na kurasa ziite jina hilo. Mimi nilikuwa nimekwishajenga, kwa hiyo kuhamisha kalenda kwenye folda ya namna hiyo kulinichukua siku mbili. Baada ya hapo kuibadilisha kulikuwa kazi ya faili moja. Sasa kisanduku kinauliza kama tarehe inajulikana. Koko aliporudi kliniki, karani alibofya "haijulikani", akaandika 75, na pembeni pakatokea neno "makadirio".