Mabinti wa Ayubu

Fungueni Ayubu 42, kuanzia mstari wa 13. Wana saba wa kiume hawatajwi majina pale. Mabinti watatu wanatajwa: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Tena Neno halioni haya kusema kwamba walikuwa wazuri kupita wanawake wote wa nchi ile.

Mimi niliona haya. Wageni walimsifu binti yetu mdogo kwa sababu ni mweupe, nami nikacheka nao. Mkubwa, mweusi kama mimi, nilimsifu kwa kuosha vyombo tu. Siku moja mama yake akamkuta na kopo la mafuta ya kujichubua. Ana miaka 11. Nikamuuliza nani amemfundisha. Akanitazama tu.

Baba, mwambie binti yako ni mzuri kabla kijana wa barabarani hajamwambia kwa bei yake. Lakini usiishie usoni. Ayubu aliwapa urithi pamoja na ndugu zao, na sisi bado tunawagawia mashamba wavulana peke yao!

Jioni ile nilimwita nje, nikamwambia. Akafunika uso kwa kitenge cha mama yake, kisha akauliza: "Papa, ni kweli?"