Antena ya Kitanzi kwa Mwendesha Redio Asiye na Kiwanja



Dipoli ya nusu wimbi kwa bendi ya mita 40 ina urefu wa takriban mita 20, na ili ifanye kazi vizuri inataka kuning'inizwa mita 10 au zaidi kutoka ardhini. Mwenye shamba Kibaha au Limuru hana shida na vipimo hivyo. Lakini wengi wetu tunaishi ghorofani Kariakoo, Upanga, Eastleigh au katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huko roshani ya mita tatu ndiyo nafasi pekee tuliyo nayo nje ya kuta, na paa ni la mwenye nyumba. Mtu anafaulu mtihani, anapata leseni na alama yake ya kituo inayoanza na 5H (Tanzania) au 5Z (Kenya), kisha redio inakaa kabatini ikisubiri siku atakayojenga kwake. Mada hii nimemwandalia yeye. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba antena ndogo iliyotengenezwa kwa uangalifu inatosha kumweka mtu hewani sasa hivi, mradi uangalifu huo uwekwe kwenye shaba na viungo vyake, si kwenye kuongeza wati.

Gharama ya udogo

Harold Wheeler mwaka 1947, na Lan Jen Chu mwaka uliofuata, walionyesha kwa hesabu kwamba antena ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, mambo matatu hugombana: ukubwa, ufanisi na upana wa masafa. Ukitaka antena ndogo yenye ufanisi, utalipa kwa upana wa masafa, na itakubidi kuirekebisha kila unapohama kilohezi chache. Ukitaka ndogo yenye upana, utalipa kwa ufanisi, na nguvu yako itageuka joto. Hakuna fundi aliyeikwepa hesabu hiyo tangu hapo, na hakuna atakayeikwepa.

Ninalisema hili mapema kwa sababu sokoni zimejaa antena fupi zinazodai kukubali bendi zote bila kuguswa. Ukikuta antena ya mita moja ambayo SWR yake, yaani kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, inasoma vizuri kuanzia megahezi 7 hadi 28, jiulize nguvu inakwenda wapi. Kipingamizi cha omu 50 kilichofungwa ndani ya kopo nacho husoma SWR ya 1 kila mahali, na hakifikishi sauti yako hata nyumba ya pili.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni fimbo fupi yenye koili, iliyofungwa kwenye reli ya roshani. Fimbo ya mita 2.5 kwenye megahezi 7.1 ina ukinzani wa mnururisho wa omu 1.4 hivi, yaani ule ukinzani ambao nguvu inayoingia humo hutoka kama mawimbi. Koili nzuri hula omu kadhaa. Halafu fimbo hudai ardhi, na ghorofani ardhi haipo. Kuna reli, nondo na waya mmoja au miwili iliyotandazwa sakafuni. Tukikadiria hasara ya upande huo kuwa omu 20 tu, kinachotoka hewani ni asilimia 5 au 6. Waya mrefu unaolishwa mwishoni ni bora kuliko fimbo, na mwenye mti au nguzo ya kufungia ng'ambo ya pili autumie bila kusita. Asiye na ng'ambo ya pili hana budi kutazama kitanzi.

Hesabu ya kitanzi

Antena ya kitanzi ni duara moja la bomba nene la shaba, ambalo ncha zake mbili zinakutana kwenye kapasita inayorekebishika. Haihitaji ardhi wala nyaya za kutandaza. Jeshi la Marekani lilitumia kitanzi cha pembe nane katika misitu ya Vietnam, na mwaka 1967 Kenneth Patterson alikieleza katika jarida la Electronics. Sababu ya jeshi kukitaka inatufaa na sisi. Kitanzi kilichosimamishwa wima hurusha mawimbi kuelekea upeo wa macho na pia moja kwa moja juu. Yale yanayokwenda juu hurudishwa na ionosfia na kuangukia eneo la mamia ya kilomita kuzunguka kituo. Kwetu karibu na ikweta, ionosfia ya mchana mara nyingi ina nguvu ya kurudisha megahezi 7 zikipanda wima. Kwa hiyo kitanzi kimoja cha roshani kinaweza kuzungumza na Dodoma kutoka Dar es Salaam mchana kwenye mita 40, na jioni kikatafuta Ulaya kwenye mita 20.

Sasa tuingie kwenye tarakimu, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Chukua kitanzi chenye kipenyo cha mita 1, kilichokunjwa kwa bomba la shaba la milimita 22. Kwenye megahezi 14.1 ukinzani wake wa mnururisho ni miliomu 94, na ukinzani wa shaba yenyewe ni miliomu 45 hivi. Ufanisi ni asilimia 68. Kwenye megahezi 21 ufanisi hufika asilimia 90. Lakini ukishuka hadi megahezi 7.1, ukinzani wa mnururisho huporomoka kufikia miliomu 6 tu, wakati shaba bado inakula 32, na ufanisi unakuwa asilimia 16.

Miliomu 6 ni kitu kidogo mno. Skrubu moja iliyolegea, au kiungo kilichobanwa kwa klempu badala ya kulehemiwa, kinaweza kuongeza miliomu 30 bila jicho kuona kasoro yoyote. Kitanzi chetu cha asilimia 16 kitakuwa kimeshuka hadi asilimia 9. Badilisha bomba kwa waya wa umeme wa milimita 2 na shaba pekee itakula miliomu 350. Ufanisi utakuwa chini ya asilimia 2. Hivi vitanzi viwili vinaweza kutundikwa roshani moja vikalingana kwa umbo na ukubwa, na SWR ya vyote viwili ikasoma vizuri, huku kimoja kikirusha nguvu mara tisa ya kingine. Kumnunulia mwenye kitanzi cha waya kikuza nguvu cha wati 100 ni kuongeza maji kwenye mtungi uliopasuka.

Ukubwa nao una malipo yake. Kutoka kipenyo cha mita 1 hadi mita 1.5, ukinzani wa mnururisho unaongezeka mara tano, na ufanisi kwenye megahezi 7.1 unapanda kutoka asilimia 16 hadi 39. Mwenye roshani inayoruhusu mita moja na nusu asijinyime hata sentimita moja.

Kutengeneza

Bomba tunalolitaka lipo. Ni lile lile la mafundi wa viyoyozi na friji, linalouzwa likiwa limeviringwa, na saizi ya inchi saba kwa nane (7/8) ndiyo hiyo milimita 22. Mafundi hao hao ndio wa kuwapelekea kazi ya viungo, kwa sababu wanachomelea shaba kwa fimbo ya fedha au fosfa kila siku, na kiungo chao kisichovuja gesi huwa hakivuji nguvu pia. Ningependa kila kitanzi kiwe na viungo viwili tu, vile vinavyoingia kwenye kapasita, na duara lenyewe liwe kipande kimoja.

Kitanzi kidogo cha kulishia, chenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, yaani moja ya tano ya kitanzi kikubwa, huwekwa upande ulio mkabala na kapasita na kuunganishwa na kebo ya koaksia. Hakigusani na kitanzi kikubwa. Ukikikunja kidogo au kukisogeza, SWR hutulia. Pitisha kebo mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti karibu na kitanzi, ili kebo isigeuke antena ya pili inayobeba kelele za nyumba nzima.

Kapasita ndiyo sehemu inayotaka fikra zaidi. Kitanzi chetu kinahitaji pikofaradi 205 hivi kwenye megahezi 7.1 na 52 kwenye megahezi 14.1. Kapasita ya kuzungusha ya redio za zamani za valvu inafaa kwa kuanzia, lakini isiunganishwe kupitia ekseli yake, maana pale ekseli inaposugua fremu ndipo miliomu hujificha. Tumia ile yenye seksheni mbili, na uunganishe kila ncha ya bomba kwenye sahani zisizozunguka za seksheni moja. Mkondo utapita kutoka seksheni hadi seksheni bila kugusa mahali panaposugua, na seksheni mbili za pikofaradi 500 zitatoa 250.

Kikwazo ni volteji. Kwa wati 10 tu, kapasita hii hubeba volti 1,800 hivi, na kilele chake ni 2,500. Kwa wati 100 kilele kinakaribia 8,000. Mwanya mwembamba wa kapasita ya redio ya zamani unavumilia wati 5. Zaidi ya hapo utasikia cheche. Anayetaka wati 50 au 100 atafute kapasita ya ombwe au atengeneze yenye sahani zilizoachana kwa milimita kadhaa. Na kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi huota juu ya sahani na kurahisisha cheche, kwa hiyo kapasita ikae ndani ya boksi la plastiki lililofungwa vizuri, na bomba lipakwe vanishi kabla halijageuka kijani.

Upana wa masafa kwenye megahezi 7.1 ni kilohezi 5 hivi. Ukihama kutoka 7.074 kwenda 7.100, kitanzi hakikusikii tena mpaka uizungushe kapasita. Weka mota ndogo yenye gia za kupunguza mwendo, au kijiti kirefu cha plastiki. Usirekebishe kwa mkono ulio karibu na sahani: mwili wako unabadilisha masafa, na volti nilizozitaja zinaunguza ngozi.

Mahali pa kuweka, na usalama wa majirani

Kitanzi kisimame wima, upande wake wa chini ukiwa mita moja hivi juu ya sakafu, mbali na grili, mabati na nondo kadiri roshani inavyoruhusu. Chuma kilicho karibu huchukua mkondo na kuurudisha kama joto.

Watu wengi husema kitanzi hakisikii kelele kwa sababu kinapokea uga wa sumaku. Mimi sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu chaja, taa za LED na vibadilishi vya umeme wa jua hutoa uga wa sumaku pia. Faida ya kweli ni kwamba kitanzi kina pande mbili kiziwi, zilizo kwenye mstari unaopenya katikati ya duara. Kizungushe mpaka upande huo uelekee kwenye kelele inayokusumbua, na mara nyingi kituo kilichozama kitaibuka. Kwa mkazi wa mjini huo ni msaada mkubwa kuliko desibeli anazopoteza wakati wa kurusha.

Jambo ninaloliomba lichukuliwe kwa uzito kuliko yote ni umbali wa watu. Kwenye megahezi 7.1, wati 10 husukuma mkondo wa ampea 16 hivi ndani ya kitanzi hiki. Nimepiga hesabu ya uga wa sumaku kwenye mstari wa katikati: mita 1 kutoka kitanzini unazidi kwa zaidi ya mara kumi kiwango ambacho ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho, iliweka mwaka 1998 kwa umma, mita 2 bado unazidi, na mita 3 ndipo unaposhuka chini yake. Ghorofani, mita 3 inaweza kuwa kitanda cha mtoto wa jirani upande wa pili wa ukuta. Pima kabla ya kurusha, punguza wati, na mweleze jirani unachofanya. Mtu mwenye kifaa cha moyo asikae karibu kabisa. Na kitanzi kisiwekwe mahali ambapo kikianguka kitagusa nyaya za umeme za mtaani.

Nini cha kutarajia

Asilimia 16 ya ufanisi ni upungufu wa desibeli 8, zaidi kidogo ya alama moja ya S kwenye mita ya anayekupokea. Kwa sauti utasikika ukiwa dhaifu. Kwa Morse utasikika vizuri zaidi. Kwa FT8, njia ya mawasiliano ya kidijitali ambayo Joe Taylor na Steve Franke waliitoa mwaka 2017, programu husoma ishara iliyo takriban desibeli 20 chini ya kelele, na hapo wati 5 na kitanzi cha roshani huvuka bahari. FT8 ina faida nyingine kwetu: kila mtu hukaa kwenye masafa yale yale, 7.074 au 14.074, hivyo wembamba wa kitanzi hausumbui.

Oktoba 2024, NASA na NOAA zilitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25. Bendi za megahezi 21 na 28, ambako kitanzi cha mita 1, au hata cha zaidi kidogo ya nusu mita, kina ufanisi mkubwa, zitazidi kudhoofika kadiri miaka ya kilele inavyopita. Ninawaomba wenye leseni ambao redio zao ziko kabatini wasisubiri kiwanja. Nunueni bomba, mtafuteni fundi wa viyoyozi mwenye mkono mzuri, na mwingie hewani wakati bendi bado ziko wazi.