Vijana wa Vyuo na Wadogo Zao wa Sekondari
Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi



Hesabu za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina, yupo hapa na daftari lake. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo lisilomo daftarini, yaani vijana wetu walioko vyuoni na wadogo zao walioko sekondari.

Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Miaka ile ya 1980 nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo tulipoanza kikundi, shabaha yetu ilikuwa ada. Tulidhani ada ikipatikana, mtoto amefika. Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na cha sita. Tukapumua. Kumbe safari bado.

Mwaka mmoja binti wa mwenzetu, yatima wa baba, alifaulu vizuri kidato cha sita. Tukapiga vigelegele. Ikaja habari ya kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo, ile iliyoanza kazi mwaka 2005. Maombi ni ya kwenye mtandao. Vinatakiwa cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi, vyote vihakikiwe na RITA, halafu mdhamini na mhuri wa serikali ya mtaa. Sisi hatukujua. Cheti cha kifo hakikuwapo, na jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halikulingana na la shule. Tulipomaliza kuhangaika, muda wa maombi umepita. Mtoto akakaa mwaka mzima anaanika dagaa Kibirizi na mama yake. Nauli ya treni tulikuwa nayo sandukuni. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia mapema. Jamani, tuliona aibu.

Mwaka uliofuata akaomba tena, akapata, akaenda. Aliporudi likizo ndefu alikuja mkutanoni na wenzake watatu wanaosoma Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro. Wakasema, "Mama zetu, tupeni chumba Jumamosi, tukae na wadogo zetu." Mshahara hawakutaka. Baadhi yetu wakanung'unika, eti mfuko wa jamii ni wa misiba na magonjwa, chai ya watoto wa watu inatuhusu nini? Wengine waliogopa wavulana wa chuo kukaa na mabinti. Tulibishana mikutano miwili. Mwisho tukakubaliana mlango uwe wazi, mama mmoja akae pale kwa zamu, na chai itoke kwenye mfuko.

Tuliokaa zamu tulijifunza sana. Binti wa kidato cha tatu anasema atakuwa daktari, na fizikia ameshaiacha. Nani alimwambia? Hakuna. Vijana wakaeleza kwamba anayetoka kidato cha sita kwenda digrii anatakiwa kwa kawaida afaulu vizuri masomo mawili, jumla ya pointi zisipungue nne, na mchepuo wake ulingane na kozi. Wakasema pia kwamba asiyekwenda kidato cha tano hajapotea. Ziko njia za cheti na diploma, na kutoka huko mtu aweza kupanda hadi digrii. Kuhusu mkopo walisema wazi kuwa si zawadi. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hapo sisi tulitikisa kichwa, maana mkopo tunaujua.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, toka 15 Mei hadi 15 Agosti, biashara ya dagaa ilisimama na mfuko ukakauka. Tukasema chai ifutwe. Basi mwenzetu mmoja, aliyekuwa wa kwanza kunung'unika, akaleta sukari kutoka kwake. Jumamosi haikuvunjika.

Hatusemi wote wamefika. Wapo walioacha kuja, yupo aliyeolewa. Toka Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, naye aje, mlango ule ule uko wazi.

Akina mama, tunaombana mambo mawili. Kwanza, kila mwenye mtoto sekondari atafute vyeti sasa hivi, ahakikishe majina yanalingana, asingoje matokeo. Pili, Jumamosi asubuhi tusimtume mtoto sokoni wala kwenye dagaa. Ninyi wafadhili wetu, mwenye kompyuta ya zamani au ubao asione haya kuleta. Nanyi vijana, mkirudi likizo, msipite kwa mama zenu tu. Piteni na hapa.

Kuuliza si ujinga. Sisi tulichelewa kuuliza, na mtoto akalipa kwa mwaka wake mmoja. Asilipe mwingine.