Mkono Unaogusa: Tiba, Imani na Wajibu Wetu kwa Mgonjwa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia za sharika)



Nimeombwa kuzungumzia jambo lililoulizwa na sharika kadhaa. Baadhi ya rafiki zetu wa ng'ambo wamejitolea kuwafundisha wahudumu wetu wa wagonjwa majumbani ufundi wa kutibu kwa mikono uitwao tiba ya kraniosakrali. Wako kati yetu wanaosema ni kipawa cha Mungu, na wako wanaohofu kuwa ni uganga uliovaa koti jeupe. Kabla kamati hazijapitisha fedha, ni vema tujue ni kitu gani.

Jina hilo limetokana na sehemu mbili za mwili: fuvu la kichwa, na mfupa wa sakramu ulio chini ya uti wa mgongo. Kwa Kilatini mfupa huo uliitwa mfupa mtakatifu. Asili ya tiba hii ni Marekani. Andrew Taylor Still, tabibu aliyekuwa mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti, alifiwa na watoto watatu mwaka 1864 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Dawa za wakati ule hazikuwasaidia, naye akatafuta njia ya kutibu kwa mikono. Mwaka 1892 alifungua shule ya ostiopathia huko Kirksville, Missouri. Mwanafunzi wake, William Garner Sutherland, alitazama kingo za mifupa ya fuvu akaona zimechongwa kama matamvua ya samaki, akaamini kuwa mifupa hiyo iliumbwa ili isogee. Alichapisha mafundisho yake mwaka 1939. Katika miaka ya 1970 John Upledger aliyaendeleza, akawafundisha hata watu wasio madaktari.

Mtoa tiba huweka mikono yake kichwani, mgongoni au kiunoni kwa uzito wa gramu 5 tu, kisha husikiliza kile anachokiita mdundo wa majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Sutherland katika uzee wake alisema nyuma ya mdundo huo kuna Pumzi ya Uhai, jina alilolitoa katika Mwanzo 2:7. Ndiyo maana wafuasi wake wengi hufundisha kwamba mkono peke yake hautoshi. Mtoa tiba sharti atulize nia yake kwanza, awe na ufahamu wa yule aliye mbele yake, na auheshimu uhai ulio ndani yake.

Wapendwa, hapa tuna maswali matatu.

Swali la kwanza: je, inaponya? Tuseme kweli. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kama meno ya misumeno miwili, na gramu 5 haziwezi kuisogeza. Watoa tiba wawili walipopimwa kwa mgonjwa mmoja, hawakupata mdundo ule ule. Wataalamu waliokusanya na kupitia tafiti hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba tiba hii inaponya ugonjwa. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kumwambia mama mwenye mtoto wa degedege kwamba mikono hii itamtibu. Mtoto huyo anahitaji kufika zahanati leo, maana kesho inaweza kuwa amechelewa.

Swali la pili: je, hakuna jema lolote ndani yake? Lipo, tena kubwa, nalo ni mguso wenyewe. Ngozi ya binadamu ina mishipa ya fahamu inayoitikia mguso wa polepole na wa upole, ambao huutuliza mwili. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za joto zilikuwa chache. Huduma hiyo ya kangaruu imeokoa watoto wengi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza ianzishwe mara tu baada ya kuzaliwa. Naye Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya kutunza wagonjwa wa mahututi huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana sehemu nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Hakuna sindano moja inayozifikia zote nne. Mgonjwa hutambua upesi kama mkono uliomshika uko pamoja naye au mwenye mkono anawaza daladala ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo fundisho la kutulia na kumzingatia mgonjwa ni la kweli, hata kama mdundo haupo.

Swali la tatu: je, linapatana na imani yetu? Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma alipokuwa bado hajatakasika, wakati jamii nzima ilimkimbia. Yakobo 5:14 inawaita wazee wa kanisa wamwendee mgonjwa. Mwaka 1545 Martin Luther alimwandikia mchungaji Severin Schulze namna ya kumhudumia mgonjwa ambaye waganga wameshindwa: aende na watu wema wachache, wamwekee mikono na kumwombea, siku tatu mfululizo. Angalieni, Luther aliwataja waganga na maombi katika barua moja, wala hakuvigombanisha. Lakini sisi tunamwomba Mtoaji. Roho Mtakatifu si nguvu iliyohifadhiwa katika majimaji ya mwili, ambayo mtu aliyelipia kozi anaweza kuielekeza kwa vidole vyake.

Tuna sababu ya kuwa waangalifu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Wapo walioacha dawa za UKIMWI baada ya kikombe, na hali zao zikawa mbaya. Watu wale walikwenda kwa sababu waliliamini kanisa. Imani hiyo ya watu ni amana, na sisi ndio watunzaji wake.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo haya:

1. Fedha za diakonia zisitumike kufundisha tiba ya kraniosakrali kama tiba ya magonjwa.

2. Rafiki zetu waombwe badala yake watusaidie kuwafundisha wahudumu namna ya kumgeuza mgonjwa, kumkanda miguu, kumwogesha, kumsikiliza na kumwombea.

3. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anataka kuguswa. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mtoto asiguswe pasipo mzazi au mlezi kuwepo.

4. Pasiwepo malipo yoyote kwa kuwekewa mikono.

5. Hakuna mhudumu atakayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Atakayefanya hivyo aondolewe katika huduma.

Kwa wahisani wetu nasema asanteni. Msidhani tumekataa zawadi yenu. Mkono mnaotaka kuufundisha tunao tayari katika kila mtaa: wako akina mama wanaotembea kwa miguu kumfikia bibi asiye na mtu. Wanachokosa ni sabuni, glavu, nauli na mafunzo. Mkiwasaidia hivyo, mgonjwa ataguswa kwa upendo, na hatadanganywa.