Kwa nini mama alikutumia ule ujumbe

(Mazungumzo na vijana wa Meru na Embu baada ya swala ya Alasiri. Wengi wenu mliomba maandishi, haya hapa.)



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nizungumze kuhusu habari za afya ambazo watu husambaza bila kuzithibitisha. Wiki jana niliwauliza kwenye grupu: wakati wa Korona, kwa nini watu wetu walizituma sana? Karibu wote mlijibu kitu kimoja. Ujinga. Wazee hawakusoma, kina mama wanaamini kila kitu. Mimi sikubaliani na hilo jibu. Kama kazi yetu ni kuwacheka wazee, ugonjwa mwingine ukija utatukuta pale pale.

Hebu turudi Machi 2020. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Ijumaa tarehe 13. Kabla mwezi haujaisha, misikiti ilikuwa imefungwa na kafyu imeanza. Sasa, mtu wa Mombasa akifungiwa msikiti, jirani yake bado ni Muislamu, na muuza mahamri ni Muislamu. Sisi huku ni wachache. Msikitini ndipo tunajua nani mgonjwa, nani amejifungua, nani amefukuzwa kwa nyumba kwa sababu ya kodi. Tulifungiwa hayo yote pamoja na mlango. Tarawehe tukaswali nyumbani, Idd ya Mei hatukupeana mikono. Na Julai iliporuhusiwa kurudi, sharti lilikuwa watu mia moja, saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa hivyo wale wale wazee tunaowacheka ndio walioachwa peke yao kwa muda mrefu kuliko sisi wote.

Walibaki na nini? Simu. Grupu ya msikiti ikawa ndiyo ile baraza ya nje tunapokaa baada ya swala. Shangazi hawezi kuja kukuona, hawezi kukuletea uji. Anachoweza ni kukutumia ujumbe: chemsha tangawizi na ndimu, tia habbat soda, unywe ikiwa moto. Kwake hiyo ni salamu, ni kukwambia nakukumbuka. Wewe ukamjibu kwa neno moja, "Uongo," mbele ya watu mia mbili wa grupu. Unadhani alisikia nini?

(Na kwa taarifa yenu, habbat soda mimi natumia mpaka leo. Shida yangu ni ile sentensi ya mwisho ya ujumbe, inayosema ukinywa hii huhitaji hospitali.)

Mnakumbuka usiku wa strungi? Machi ule ule, sehemu mbalimbali za Kenya watu waliamshwa usiku wanywe chai ya rangi bila sukari, eti kuna mtoto mchanga amezaliwa akasema hiyo ndiyo dawa ya Korona. Tunacheka, sawa. Lakini nani hukupigia simu usiku wa manane? Ni mtu anayekupenda. Na aliyepiga alikuwa amepiga hesabu yake: kikombe cha chai hakimuui mtu, lakini je, ikiwa ni kweli na sikumwambia dada yangu? Kwa mtu aliyejaa hofu, hesabu hiyo inaingia akilini kabisa. Kituma hakigharimu kitu, kunyamaza kunaweza kugharimu uhai.

Inapoharibika ni pale ujumbe unapomwambia mtu aache kitu badala ya kunywa kitu. Mtaani kwetu kuna mzee mwenye sukari aliacha kliniki kwa miezi mitatu, kwa sababu alitumiwa sauti kwenye WhatsApp iliyosema ukikohoa tu hospitalini unapelekwa karantini na bili unalipa mwenyewe. Leo hana mguu mmoja. Aliyemtumia ile sauti ni mtoto wake wa kumzaa.

Lakini ngojeni kabla hamjamlaumu huyo mtoto. Ile sauti ilikuwa na mguu mmoja kwenye ukweli. Aprili 2020 watu waliwekwa karantini kwa lazima, wengine kwenye hosteli za KMTC, na walikuwa wanalipishwa. Hata waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa huko, kana kwamba karantini ni jela. Mei serikali ikasema vituo vya umma havitalipisha tena, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Uongo uliosafiri mbali ule mwaka mara nyingi ulikuwa umepanda mgongo wa jambo la kweli.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi kama harakati ya haki lazima tuliseme bila kuogopa. Watu waliamini simu kwa sababu waliopaswa kusema walichelewa, au walisema nusu. Tarehe 26 Februari 2020, ndege ya China Southern ilitua Nairobi na abiria 239 kutoka China. Kenya ilijuaje? Kwa video ya simu. Mfanyakazi wa uwanja aliyeirekodi akasimamishwa kazi. Mkenya wa kawaida alijifunza nini siku hiyo? Alijifunza kwamba ukweli unapita kwenye WhatsApp, na anayeusema anaadhibiwa. Halafu Agosti ikaja sakata ya KEMSA, mabilioni ya pesa za vifaa vya Korona. Baada ya hapo, mwambie mamako aamini taarifa ya Wizara pekee. Atakuangalia tu.

Kwetu Waislamu kulikuwa na hofu nyingine, na hii wengi hamkuisema kwenye majibu yenu. Mayiti. Aprili ule ule mtu mmoja alizikwa Siaya usiku, bila jeneza, haraka haraka, na nchi nzima ikaona. Kila nyumba ya Kiislamu ikajiuliza: wetu ataoshwa? Atavishwa sanda? Ataswaliwa? Wakati huo huo Sri Lanka, Waislamu waliokufa kwa Korona walichomwa moto kwa amri ya serikali, na amri hiyo haikuondolewa hadi Februari 2021. Hiyo ni habari ya kweli kabisa. Lakini ilipofika kwenye grupu niliyokuwa mimi, jina la nchi lilikuwa limedondoka njiani. Ilibaki tu: wanachoma Waislamu. Nyanya akisoma hivyo, kweli atakubali kupelekwa Embu Level 5 akishindwa kupumua?

Chanjo vile vile. AstraZeneca ilipofika Machi 2021, ujumbe ulikuwa mfupi: ina nguruwe, ni haramu. Ukifuatilia unakuta ulamaa wa Indonesia walisema kweli kwamba kuna kimeng'enya cha nguruwe kilichotumika katika utengenezaji, na kampuni ikakana. Lakini ulamaa hao hao, siku hiyo hiyo, walisema inaruhusiwa kuitumia kwa sababu ya dharura. Nusu ya kwanza ya fatwa ilisafiri mpaka Meru. Nusu ya pili sijui ilishukia wapi.

Sasa, sisi ni umma uliojenga elimu nzima juu ya swali moja: nani amekwambia, na yeye aliambiwa na nani? Hadithi isiyo na isnadi haipokelewi hata maneno yawe matamu namna gani. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wanakemewa watu ambao ikiwafikia habari ya amani au ya hofu wanaitangaza, badala ya kuipeleka kwa wenye uwezo wa kuichunguza. Sisomi aya hiyo kuwapiga nayo wazee. Nawaomba muone sehemu yake ya pili: lazima awepo wa kupelekewa. Mama yako akipata ujumbe leo usiku, ampelekee nani?

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kila grupu ya msikiti, kuanzia Meru mjini, Maua, mpaka Embu na Runyenjes, tunataka iwe na vijana wawili ambao wazee wanawajua. Ujumbe ukija, usimjibu mtu mbele ya grupu. Mpigie. Anza na hali yake, uliza watoto, halafu sema: shangazi, ule ujumbe umeupata wapi? Mara nyingi mtafika mpaka "nilitumiwa tu," na mwenyewe ataona. Kisha umpe cha kutuma badala yake, maana ukimnyang'anya salamu yake lazima umpe nyingine. Rekodi sauti fupi, kwa Kimeru au Kiembu au Kiswahili au Kisomali, vile anavyoongea yeye.

Na upande wa serikali, Katiba kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya mwaka 2016 ya kutekeleza hilo. Tumeandaa barua kwa idara za afya za kaunti zote mbili. Tunauliza mambo matatu: mlipuko ukitokea, Muislamu akifa hospitalini nani ataruhusiwa kumuosha na kwa vifaa gani, mgonjwa akitengwa, nani analipa, na ni afisa gani tutampigia usiku, si kesho. Mpox ilithibitishwa Kenya Julai 2024, kwa hivyo msidhani tunauliza mambo ya kale. Tunataka majibu kwa maandishi, tuyabandike mlangoni mwa msikiti kabla hayajahitajika.

Barua iko pale mezani kwa akina dada, someni kwanza ndipo mtie sahihi. Anayejitolea kwa grupu ya msikiti wake aandike jina kwenye karatasi ya pili. Runyenjes bado hatujapata mtu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.